Ngoma Zisizoota Moto

Uliusikia. Usigeuze uso, wala usijifanye unamtafuta mtu ng'ambo ya barabara. Wimbo wa nne wa Hamidu wa Kitangari uliusikia kwenye simu ya shemeji yako, ukausikia saluni, ukausikia kwa yule kijana anayejazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Ukakunja uso. Ukaandika, "Sauti mbovu," ukaweka na kile kikatuni kinachocheka mpaka kinalia, kisha ukarudi kwenye mikorosho yako. Hapo ndipo ulipoishia, na hapo ndipo mnapoishia siku zote. Mashine ya maji ilipokufa mlisema ni mlinzi. Salfa ya kupulizia mikorosho ilipoyeyuka ghalani mlisema ni wabeba magunia. Mnadhani hakuna anayekumbuka. Wapo wanaokumbuka. Mwaka huu mmesema ni mpiga ngoma, na mpiga ngoma yuko ndani.

Sajini Getrude Mchopa wa upelelezi, mzaliwa wa Lulindi, aliusikia wimbo huo akiwa na kipande cha muhogo mkononi, kwenye banda la chai nyuma ya stendi ya Newala. Yeye hakukunja uso. Tangu aone kilichotolewa kwenye kile chumba kilichoungua mwezi wa saba, uso wake ulikuwa umeacha kukunjika. Alikula kwa kuwa ilikuwa saa ya kula. Chumvi, sukari, pilipili, vyote vilikuwa na ladha moja ya majivu.

"Zima hilo," Faidha, mwenye banda, ambaye stendi nzima humwita Mama Kulwa, alimwambia dereva wa bodaboda aliyekuwa akicheza wimbo ule. "Unanifukuzia wateja."

"Huyu Hamidu, mama!"

"Namjua Hamidu tangu hajaota ndevu. Ila ngoma hii imekufa. Isikie. Bu, bu, bu. Kama mtu anakung'uta gunia la ufuta."

"Labda simu ndiyo mbovu," Getrude alisema, ilimradi naye amesema neno.

"Afande, ninyi watu wa Lulindi mnajua kinanda cha kanisani, ngoma tuachieni wenyewe." Watu wakacheka. "Simu hiyohiyo ikiimba ile albamu yake ya kwanza, kinganga kinalia mpaka meno yanawasha. Hii haikuota moto."

Muhogo ulisimama mdomoni mwa Getrude.

"Umesemaje?"

"Haikuota moto. Nani asiyejua? Ukungu wetu wa mwezi wa saba unailaza ngozi kama ulimi wa ng'ombe. Usipoipasha ngoma kwa moto wa nyasi unapiga godoro."

"Na huo mvumo wa chini?"

"Si ndio tunaomwambia! Kuna mdudu anavuma toka wimbo unaanza mpaka unakwisha. Watu wamemwandikia kwa adabu, yeye anajibu matusi."

Getrude aliweka muhogo kwenye sahani. Hakuushika tena.

Kesi ilikuwa nyepesi, na wepesi wake ndio uliomkera tangu alipokabidhiwa. Majaliwa, mnunuzi wa korosho ambaye kila mkulima humhitaji msimu ukifika, alikuwa na studio nyuma ya ghala lake hapo Newala. Chumba kimoja na ukumbi mwembamba, kuta zimebandikwa magodoro ya sponji na trei za mayai ili sauti isitoke. Jioni ile ya mwezi wa saba, Hamidu alipomaliza kurekodi albamu yake, *Maji ya Bondeni*, studio iliungua. Safari, fundi mitambo, alikutwa ndani. Majaliwa na Hamidu walisema neno moja: mzee Bwanali, mpiga ngoma, aliwasha moto wa nyasi nyuma ya ukuta ili apashe ngoma zake, akaondoka bila kuuzima.

Bwanali alipokamatwa alisema, "Siku ile sikuwasha moto." Watu walimcheka. Mpiga ngoma wa Newala, mwezi wa saba, bila moto? Ni kama mvuvi aseme hakulowa. Mila yenyewe ilisimama kizimbani ikatoa ushahidi dhidi yake. Hakuna aliyekwenda mbali zaidi ya hapo, kwa sababu kila mmoja alijua jinsi ngoma zinavyopigwa. Tangu siku hiyo bintiye Mwanne humpelekea chakula mahabusu Masasi, na mara nyingi hurudi nacho, kwa kuwa mzee ameanza kukataa kula.

Vitu viwili vilivyookolewa kwenye majivu vilikuwa bado kwenye boksi kituoni. Cha kwanza kufuli jeusi, limeungua, lakini bado limeuma komeo lake. Cha pili hakikuwa kitu bali picha: sakafu ya ukumbi, na juu yake doa la mafuta lenye umbo la mraba, kana kwamba kitu fulani kilikaa pale kisha kikabebwa. Wenzake walisema kufuli ni kufuli, na doa ni doa.

Sasa alifanya kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya. Alikaa mezani akasoma malalamiko ya mashabiki, moja baada ya jingine, kama maelezo ya mashahidi. *Ngoma baridi. Mvumo. Ngoma zimelala. Hamidu umerekodia kwenye mashine ya kusaga?* Wapo walioandika kwamba Safari alikuwa mlevi, na wengine kwamba maikrofoni ilikuwa imekufa. Getrude hakuyapuuza hayo. Akakumbuka kwamba kwaya ya Lulindi ilirekodi nyimbo za Pasaka kwenye chumba kilekile, fundi yuleyule, maikrofoni ileile. Alikuwa nazo kwenye simu, maana shangazi yake anaimba sauti ya pili. Akazisikiliza. Ngoma ya kwaya ilikuwa kavu na kali kama kofi. Hakukuwa na mdudu.

Basi mlevi alifutika, na maikrofoni ikafutika. Akachukua bodaboda kwenda Kitangari.

Hamidu alikuwa uani kwake, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, simu mdomoni. Wanawake waliokuwa wakitoka bondeni na ndoo kichwani walipita polepole ili wasikie.

"...na wewe unayejiita Simba wa Tandahimba, kama masikio yako yana nta usinisingizie mimi! Albamu hii imerekodiwa kwa mitambo ya kisasa. Sauti ni safi. Asiyeweza kusikia sauti safi akasikilize bata." Akaona viatu vya afande. Simu ikashuka. "Shikamoo, afande."

"Marahaba, Hamidu. Endelea kuwajibu."

"Hawa watu hawana shukrani. Nimewaimbia shida ya maji, nimewaimbia mama zao, wao wanaandika mvumo."

"Wanasema ngoma zimelegea."

"Spika zao."

"Za wote?"

"Wote wananunua zilezile za Mchina."

Getrude alivuta kigoda akaketi. "Nataka nikusaidie kuwajibu. Bwanali aliwasha moto?"

"Aliwasha. Si nilishaandikisha?"

"Kwa kila wimbo?"

"Kila wimbo. Mzee yule hapigi ngoma baridi, afadhali afe."

"Kwa hiyo zilikuwa zimekaza."

"Zimekaza mpaka zinalia zenyewe."

"Basi aliyeharibu ni Safari."

Hamidu alitazama pembeni. Ni kama mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, akaingia. "Marehemu hasemwi, afande. Lakini, ndiyo. Siku ile alikuwa amekunywa."

Getrude alimchezea wimbo wa Pasaka. Hamidu alisikiliza huku kidole chake kikifuata ngoma kwenye goti.

"Nani alirekodi?" aliuliza.

"Safari."

"Maikrofoni gani?"

"Ileile." Kidole kikasimama.

"Lete kinganga chako."

"Afande, mbona unataka—"

"Kilete tu."

Alikileta, ngoma nyembamba ndefu iliyochongoka chini kama mwiba. Ilikuwa imelala ndani ya nyumba na ngozi yake ilikuwa imepoa. Getrude aliweka simu yake juu ya kinu, akabonyeza kurekodi, akamwambia apige. Bu, bu, bu. Kisha akavuta konzi ya nyasi kavu pembezoni mwa uzio, akaziwasha kwa kiberiti. Hamidu, bila kuambiwa, aliizungusha ngozi juu ya moto kama alivyofundishwa na babu yake, akaigonga kwa ukucha, akaizungusha tena. Ngozi ikajivuta, ikakaza. Akapiga. Sauti ikaruka juu ya uzio. Mbwa wa jirani akabweka.

Getrude aliucheza mlio wa kwanza. Akaucheza wa pili. Halafu akaucheza wimbo wa nne wa *Maji ya Bondeni*.

Mwanamke mmoja aliyekuwa njiani alitua ndoo. "Hiyo ya albamu ni kama ile uliyopiga kabla ya moto!" alipaza sauti. "Hamidu, si tulikwambia?" Akajitwika ndoo, akaenda zake akicheka.

Uani kukabaki moshi mdogo wa nyasi.

"Simu yangu si mtambo wa kisasa," Getrude alisema, "lakini imesikia tofauti. Chagua, Hamidu. Ama ngoma ziliota moto na watu wote hawa wana nta masikioni. Ama hazikuota, na Baba Mwanne yuko ndani kwa moto ambao haukuwashwa."

Hamidu alikumbatia kinganga. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayevuliwa nguo sokoni.

"Unataka niseme hadharani kwamba nilirekodi ngoma baridi? Mimi?"

Getrude alimtazama. Alikuwa ameshawahoji wezi wa pikipiki na waume wapigaji, lakini hakuwahi kuona mtu anayeonea haya ngoma baridi kuliko kumfunga mzee. Alingoja hasira imjie, haikuja. Kilichokuja ni ile ganzi ya siku zote, mikononi, kana kwamba amelalia mikono yake.

"Nataka useme kilichotokea."

"Safari alikataa moto." Alisema haraka, kama anayetema punje ya pilipili. "Alisema, 'Mzee, kuta hizi ni sponji, cheche moja tu tumekwisha.' Mzee akachukia, akataka kubeba ngoma zake aondoke. Nikampigia magoti. Nikamwambia, Baba Mwanne, studio tumepewa leo tu. Akapiga hivyohivyo, hanitazami."

"Safari ndiye aliyekataa moto."

"Ndiye."

"Kwa kuogopa kuungua."

Hamidu aliikwaruza ngozi ya kinganga kwa ukucha. Hata wewe ungejibu nini?

"Na mdudu anayevuma?"

"Umeme ulikatika kabla hatujaanza. Bosi Majaliwa akaleta jenereta."

"Akaliweka wapi?"

"Ukumbini."

"Kwa nini si nje?"

"Angeibiwa."

Doa la mraba lilipata jina lake: jenereta, lililobebwa kabla polisi hawajafika. "Ninyi mliondoka jua likizama. Na Safari?"

"Bosi alitaka kazi iishe kabla ya msimu, akamwacha amalizie. Akajaza petroli, jenereta likiwa linanguruma vilevile, Safari akamwambia bosi lizime kwanza, bosi akasema ukilizima kazi inapotea. Akachukua flashi yenye nyimbo tulizomaliza. Akafunga."

"Akafunga nini?"

"Mlango."

"Kwa nje?"

"Siku zote alimfungia kwa nje, afande, ili vyombo visitembee. Safari alishazoea. Alikuwa anatania, anasema, 'Mimi ni kuku wa kizungu, naamshwa na kufunguliwa.'"

Kufuli lililouma komeo. Getrude aliukumbuka uzito wake kiganjani.

"Nani mwingine anajua?"

Hapo Hamidu alicheka, kicheko kikavu. "Nani mwingine? Mtaa mzima! Jenereta lile linasikika mpaka sokoni. Kufuli wanaliona kila jioni wakitoka kisimani. Waliposikia Bwanali kakamatwa, kila mtu akazima redio yake akalala."

"Na wewe, Majaliwa alikuahidi nini?"

"Kwamba albamu itatoka." Aliitazama ngozi ya kinganga, iliyokuwa ikipoa tena. "Imetoka. Umeisikia."

Getrude hakumkemea. Alimwambia tu kwamba Bwanali ameanza kukataa chakula, na kwamba Mwanne hurudi na bakuli kama lilivyokwenda. Kisha akayakanyaga mabaki ya moto wa nyasi, akayazima.

Hamidu aliokota simu. Alifuta jibu lake la kwanza, lile la nta na bata. Akabonyeza akaanza upya, na safari hii hakuimba wala hakupaza sauti.

"Mashabiki zangu. Ni Hamidu. Mlisema ngoma ni baridi, mlisema kweli. Hazikuota moto. Mzee Bwanali hakuwasha moto siku ile, sisi sote tulimsingizia, na mimi nilikuwa wa kwanza. Mlisema kuna mdudu anavuma. Yule ni jenereta la Majaliwa, lilikuwa ndani, na Safari alifungiwa nalo. Sauti ya albamu ni mbovu kwa sababu kilichotokea ni kibovu. Masikio yenu ni mazima. Basi."

Akatuma.

Getrude aliandika maelezo yake palepale, akamsomea, akamwambia atie sahihi, akampigia mkuu wake. Mkuu alisikiliza hadi mwisho.

"Shahidi aliyekwisha kudanganya ni chungu chenye ufa, Getrude," alisema. "Wakili wa Majaliwa atamwaga maji yote mahakamani. Nipe mtu mmoja wa mtaa ule. Mmoja tu. Aliyesikia jenereta au aliyeona kufuli. Mzee anapandishwa kizimbani Masasi kesho asubuhi, na faili linaondoka hapa na gari la Masasi usiku wa leo. Nikipata huyo mmoja, mashtaka tunayageuza. Nisipompata, ni neno la mwimbaji dhidi ya tajiri."

Alirudi Newala jua likiwa bado juu, akabisha hodi mtaa mzima nyuma ya ghala, mlango kwa mlango.

"Siku ile tulikuwa shamba, afande."

"Mimi nilikuwa msibani Tandahimba."

"Jenereta? Majenereta ni mengi."

"Mimi mgeni hapa." Huyo wa mwisho alikuwa amekaa juu ya kibaraza alichokijenga mwenyewe, na saruji yake ina jina lake.

Mzee mmoja alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamsikiliza. Halafu akasema polepole, bila kumtazama, "Mwanangu, korosho zangu bado sijauza." Akainuka akaingia ndani.

Getrude alirudi kwa Mama Kulwa akaagiza chai. Bandani simu zote zilikuwa zikizungumza kwa sauti ya Hamidu. Jibu lake lilikuwa limefika kila mahali kabla yake. Alifungua ukurasa kuona watu wamesema nini.

*Hatimaye umekubali!!*

*Tulisema sisi. Masikio yetu hayadanganyi.*

*Heshima kwako kaka, msanii anayekubali kosa ni mkubwa. Tunasubiri albamu nyingine yenye sauti safi.*

*Simba wa Tandahimba 1, Hamidu 0.*

Akashuka chini, na chini zaidi. Vikatuni vya kucheka, vya kupiga makofi, vya moto. Vya moto vilikuwa vingi. Hakuona jina la Safari. Aliliandika jina la Bwanali kwenye sehemu ya kutafuta, simu ikamwambia hakuna. Faidha aliweka chai mbele yake, akasoma juu ya bega lake.

"Mama Kulwa," Getrude alisema, "banda lako lilikuwa hapa mwezi wa saba?"

"Nilikuwa kwetu Kitangari, afande. Dada yangu alijifungua. Wallahi ningekuwepo ningekwenda kusema."

Getrude alimwamini. Alikunywa chai. Ilikuwa na ladha ya majivu. Akavuka barabara akaingia kituoni, akakaa kaunta, akafungua ukurasa mweupe, akaiweka kalamu juu yake, akatazama mlango.

Yupo pale sasa hivi.

Na wewe uko hapo ulipo. Kisimani mwezi wa saba ulikwenda, njia ni ile moja, inapita ubavuni mwa ghala. Mvumo ule uliujua siku ulipousikia kwenye wimbo, ndiyo maana ukaandika upesi, ukacheka upesi. Kufuli lile uliliona likifungwa, ukamwambia uliyekuwa naye, "Safari naye leo analala na mashine," mkapita. Usiniambie korosho. Korosho zilikuwepo kabla ya Majaliwa, na zitakuwepo baada yake. Mzee aliyewapigia ngoma siku mnatoka jandoni na siku binti zenu wanatoka unyagoni hawezi kula, na mnangoja nani? Usinigeuzie ukurasa unaofuata, hauna kitu mpaka wewe useme. Weka kitabu chini. Vaa viatu, na kama huna viatu nenda peku. Kituo kiko wazi, kalamu iko juu ya karatasi, na inahitaji mdomo mmoja tu. Inuka. Nenda ukaseme ulichosikia, leo, kabla gari la Masasi halijaondoka.